Wimbi Lisilofika

Alipotokeza walimuuliza jambo moja tu: ana uzi? Akasema hana. Hajawahi kuwa na uzi, wala shamba, wala mlango wenye kufuli lake. Wakatazamana kwa furaha, kama watu waliomtafuta mgeni wa namna hiyo kwa muda mrefu, wakampa pa kukaa.

Machano hakujua amefikaje. Kutojua amefikaje alikuwa amekuzoea. Kwa miaka mingi alitembea kwa sababu miguu ilitaka kutembea, na safari hii barabara iliinuka mbele yake, ikawa nyembamba, ikawa nyekundu, halafu haikuwa barabara tena. Akajikuta amesimama juu ya ngozi ya Jua. Haikumuunguza. Ndoto nayo ina adabu zake, ikikuleta mahali haikuchomi kabla hujaona.

Chini ya nyayo zake moto ulichemka kama uji katika sufuria isiyo na ukingo. Povu linapanda, linatanuka, linapasuka, na jingine linapanda palepale. Kila povu lilikuwa pana kuliko nchi yoyote aliyowahi kuivuka kwa miguu. Na katika mifereji iliyo kati ya povu na povu, pale penye kiza kidogo, ziliota nyuzi. Nyuzi za mwanga, nyembamba, hazihesabiki, zimesimama kama nyasi za mbugani na kupanda juu mpaka jicho lichoke kuzifuata. Mapovu yalipozisukuma mashinani zikayumba, na myumbo ule ukapanda nazo, wimbi nyuma ya wimbi, kwenda huko juu kusikoonekana. Mchana haukuwa na jina, maana hakukuwa na usiku wa kuutenga nao. Watu wa pale walihesabu umri kwa miyumbo. Walipomuuliza ana miyumbo mingapi, alisema yeye ameyumba tangu azaliwe na hakukumbuka kuhesabu. Wakacheka sana, wakamwona mwenzao.

Aliyempokea nyumbani, kama pale palifaa kuitwa nyumbani, alikuwa Bi Mize, mama mpana wa mabega, mwenye sauti ya kuamrisha hata anapokuombea dua. Alikuwa mlinzi mkuu wa uzi mmoja kati ya zile nyuzi zote. Mwenzake wa zamu aliitwa Dalu, mwanamume mkavu, jicho moja limezoea kufumbwa nusu kwa ajili ya kazi. Kila uzi ulikuwa na walinzi wawili. Bi Mize alitazama myumbo wa ubavuni, namna uzi unavyokwenda huku na kurudi. Dalu alitazama unene, namna uzi unavyovimba na kusinyaa. Ilikuwa mwiko kuambiana walichokiona kabla ya zamu kwisha, jicho la mmoja lisije likaliharibu la mwingine. Kila mmoja alifunga mafundo kwenye kamba yake, na zamu ikiisha waliweka kamba mbili sambamba, wakalinganisha, wakagombana. Uzi ukiyumba kwa kasi ndipo unaposinyaa, alisema mmoja. Hapana, unasinyaa kwanza ndipo unayumba, alisema mwingine. Ugomvi huo ulikuwa mkubwa kuliko ndoa nyingi alizowahi Machano kuziona, na mtamu kuliko nyingi.

Dalu alimwambia mgeni, kwa sauti ya kusikika kusudi, kwamba kazi ya Bi Mize duniani ni kutazama viuno.

"Na yako ni kutazama matumbo," Bi Mize alijibu bila kugeuka. "Bora mimi, babu. Kiuno kina heshima."

Machano alikaa nao miyumbo mingi. Walimlisha, wakamfundisha kufunga fundo, wakamwachia ashike uzi kwa kiganja aone unavyopiga. Alisoma kwa vipande maishani mwake: darasa la pili katika mji mmoja, kugawanya na kuzidisha kwa bwana stoo wa reli, kusoma kwenye magazeti yaliyofungiwa samaki. Sasa akaongeza kipande kingine, akaridhika nacho. Lakini aliona kwamba kila zamu ilipokwisha, baada ya kugombana, wale wawili walitazama juu, na kutazama kwao kulikuwa na uzito.

Mwishowe Dalu ndiye aliyeeleza. Huko juu, pale nyuzi zinapopinda kama upinde, kuna baraza la waamuzi. Kwenye kichwa cha kila uzi wameweka kibendera. Wimbi likitoka chini na kufika, kibendera kinainuka. Uzi ambao kibendera chake kinainuka huitwa mwaminifu. Uzi ambao mawimbi yanaingia chini na hayatokei juu huitwa mwizi, na mwizi hukatwa. Mlinzi mkuu wa uzi uliokatwa anarudishwa chini ya ngozi, ndani ya uji ule, ambako hakuna uzi wala jina wala zamu. Mtu anakorogwa pamoja na kila kitu mpaka hawezi tena kusema huyu ni mimi.

Kibendera cha uzi wa Bi Mize kilikuwa hakijainuka kabisa.

Kabla ya kukata, desturi ilitaka shahidi. Mlinzi hawezi kuwa shahidi kwa sababu ataupendelea uzi wake. Waamuzi hawashuki. Shahidi anatakiwa awe mtu asiye na uzi popote, apande kwa mikono na miguu kutoka shinani hadi kichwani, na akifika aseme neno moja: limefika, au halikufika. Watu wasio na uzi walikuwa hawapatikani pale. Ndiyo maana walifurahi kumwona.

Machano hakuushika uzi mara moja. Si kwamba aliogopa kupanda. Lilikuwa lile swali lenyewe, lile alilolibeba toka mji hadi mji bila kulipa jina, na sasa amelikuta limesimama mbele yake limevaa nguo za watu wengine. Kitu kikitoka hapa kwa nguvu zote, na kule kisionekane, kilikwenda wapi? Na kama hakijulikani kilikwenda wapi, je, kilikuwapo? Mtu anapewa kuzaliwa, anapewa pumzi, anapewa mikono; anasukumwa mashinani na povu la dunia, anaanza kuyumba, anapanda; halafu mwishoni wenye vibendera wanatazama na kusema, kwa huyu hatukuona kitu. Amekula vyote tulivyompa. Yeye mwenyewe alipotazama nyuma aliona njia ndefu na hakuona bendera hata moja juu yake.

Dalu alimvuta pembeni. Akamwambia kwa upole, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba neno 'limefika' halina uzito zaidi mdomoni kuliko neno 'halikufika'. Nani atashuka kuangalia? Bi Mize alisikia. Masikio yake yalizoea mitikiso midogo.

"Nimehesabu miyumbo elfu themanini ya uzi huu," alisema, "sikuongeza hata mmoja. Kaka Machano, usinipe leo mmoja wa uongo. Nitakwenda kwenye uji nikiwa na hesabu yangu safi."

Kisha akamfunga mgeni mtandio mzito mabegani, maana huko juu ni mbali na moto na kila mtu alijua kutakuwa na baridi. Machano akaushika uzi akaanza kupanda.

Hatua za mwanzo zilikuwa ngumu. Mawimbi ya chini yalikuwa makubwa, yalimrusha kushoto, yakamrusha kulia, na kila lilipompita lilichukua mtu aliyekuwa yeye na kumwachia mwingine.

Wimbi. Alikuwa na miaka saba, ubaoni kuna hesabu, mwalimu amegeuka kuandika jibu, na nje mizigo ya familia imeshapakiwa. Jibu hakuliona.

Wimbi. Alikuwa kijana anayebeba mnyororo wa mpima ardhi. Simama hapo. Sogea. Simama. Alisimama katika mipaka ya mashamba elfu ya watu.

Wimbi. Alikuwa mwanamke fulani ambaye Machano alimwacha kituoni na kikapu, akajiona Machano kutoka nje, mgongo wake unapungua, unapungua. Akamhurumia mwanamke, kisha, jambo la ajabu, akauhurumia ule mgongo.

Wimbi. Kisima. Wanaume sita na yeye wa saba, udongo mkavu siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili udongo ukaanza kunata kwenye vidole. Kesho yake akaondoka. Hajui kama maji yalitoka. Aliyechimba akaondoka kabla ya maji, amechimba nini?

Wimbi.

Wimbi.

Halafu akatambua kwamba kutoka wimbi moja hadi lingine hakurushwa mbali kama mwanzo. Yalikuwa yanapungua. Aliyaona yakija kutoka chini, mapana, yenye kiburi, na yakimfikia yanakuwa mafupi. Aliposonga mbele yakawa mafupi zaidi. Moyo ukamshuka kwa ajili ya Bi Mize. Kweli basi. Uzi huu unakula.

Akapumzika. Akaegemeza shavu lake juu ya uzi, kwa kuchoka tu, na hapo ndipo alipohisi. Uzi haukuwa mmoja. Ndani yake mlikuwa na nyuzi nyingine, nyembamba kuliko unywele, mamia, zimelala pamoja kama kamba iliyosokotwa. Kule chini zote ziliyumba pamoja, kama watu wa kijiji kimoja wanaotoka kwenda shambani. Lakini kila mmoja ulikuwa na mwendo wake, mwepesi au mzito, na kadiri zilivyopanda ziliachana. Huu unakwenda kulia wakati jirani yake anarudi kushoto. Zikapishana, zikagusana, zikasuguana. Wimbi lile kubwa liligawanyika katika mia, na zile mia zikagawanyika tena, mpaka myumbo haukuonekana tena kwa macho. Na pale ulipopotea machoni, shavu la Machano lilikuwa linapata joto.

Akainua viganja vyake viwili, akavisugua kama wazee wafanyavyo asubuhi ya kipupwe. Akavitazama. Viganja havikwenda popote. Havikufika mahali. Akavisugua tena, akacheka peke yake, katikati ya mbingu ya Jua, mzee mzima.

Akapanda. Kadiri alivyokwenda mbali na moto, joto liliongezeka. Jambo hilo lilikuwa kinyume cha akili yote aliyoiokota njiani kwa vipande, na alilipokea bila ubishi, kwa kuwa viganja vyake vilikuwa mashahidi kabla ya ulimi. Mtandio aliuvua, akaufunga kiunoni. Mawimbi yaliyompita sasa yalikuwa kama pumzi ya mtu aliyelala, na hakuna mtu mwingine aliyemjia kuchukua nafasi yake. Alikuwa yeye tu, na ilimtosha.

Alipofika penye upinde aliwakuta waamuzi watatu wamekaa kwenye jukwaa, wamejifunika mablanketi mpaka kidevuni. Pembeni mwandishi. Nyuma ya mwandishi mtu mwenye mkasi mrefu kama makasia mawili. Mkuu wa waamuzi alikuwa mwanamke mzee kuliko Machano, jina lake Kidawa, uso umekunjamana vizuri, na midomo ya bluu. Wote, hata mwandishi, walivaa viatu virefu vyeusi hadi magotini. Viatu hivyo vilishonwa kwa ngozi ya doa, lile doa kubwa la kiza lililo upande wa pili wa Jua, kwa sababu desturi ya baraza ilisema mwamuzi asiyumbishwe na uzi wowote, na hakuna kinachozuia myumbo kama kivuli kinene chini ya unyayo.

Hawakuwa watu wabaya. Walimpa kiti, wakamuuliza hali, wakamweleza shauri lote ili ajue anashuhudia nini. Zamani, alisema Kidawa, baraza hili lilikuwa na joto, hakuna aliyejua blanketi ni kitu gani. Kisha likavuma wazo kwamba nyuzi nyingine hazifikishi. Wakaweka vibendera, wakaona ni kweli. Wakamkata mwizi wa kwanza. Baridi ikaingia kidogo, wakajua kumbe wezi ni wengi kuliko walivyodhani. Wakakata wa pili, wa tatu. Baridi ikazidi. Sasa wamekata kumi na saba, na baridi ile inawaonyesha kila siku ni kiasi gani kinaibiwa. Huu wa Bi Mize ndio wa mwisho katika wasiofikisha. Ukikatwa, joto litarudi.

Machano alisikiliza hadi mwisho. Hesabu yao ilikuwa safi, haina pengo hata moja. Ilikuwa imesimama kichwa chini tu. Akatazama nyuzi aminifu zilizowazunguka, vibendera vinapepea, kila wimbi likifika kichwani linaruka na kutokomea kwenye weusi ulio nje ya Jua, bila kuacha kitu. Akatazama kibendera cha Bi Mize, kimelala.

Kidawa akamuuliza kwa maneno ya desturi. Wimbi lililoingia shinani, limefika au halikufika?

Alikuwa na neno moja. Alimkumbuka Dalu na sauti yake ya hali ya hewa. Kusema limefika kungekuwa rahisi, na angeshuka akapokelewa kwa vigelegele, na Bi Mize asingeweza tena kumtazama usoni.

"Halikufika," alisema Machano.

Mwandishi akaandika. Mwenye mkasi akasimama. Desturi ilitaka mkuu wa waamuzi aukanyage uzi kichwani ili ukazike wakati wa kukatwa, na Kidawa akajitoa ndani ya blanketi polepole, akajikongoja, akaweka kiatu chake kizito juu ya uzi.

"Mama," Machano alisema, "vua kiatu hicho."

Waamuzi wawili wakageuka. Mwandishi akamkumbusha mgeni kwamba neno lake moja limekwisha. Machano akasema ni kweli, neno la ushahidi limekwisha, haya ni mazungumzo ya wazee wawili wenye miguu mibovu.

"Mwamuzi hayumbishwi," alisema Kidawa.

"Sikuombi uyumbe, mama. Nakuomba ukanyage tu."

Yule mzee akamtazama. Hakuna aliyejua alichofikiria. Yawezekana hakufikiria lolote. Yawezekana vidole vyake vya miguu, vilivyokufa ganzi miyumbo mingi, ndivyo vilivyoamua. Akaegemea bega la mgeni. Akauvuta mguu kutoka kwenye kiatu, na mguu ulitoka mweupe, umesinyaa, kama kitu kilichosahauliwa majini. Akauweka juu ya uzi wa Bi Mize.

Vidole vikakunjuka polepole.

Mwenye mkasi akasubiri, kisha akauliza akate. Akauliza tena. Kidawa alikuwa amefumba macho, na rangi ilikuwa inapanda kutoka kifundo cha mguu, inapita muundini, inakwenda zake bila haraka. Alipofumbua macho aliinama, akavua na kiatu cha pili kwa mikono yake mwenyewe. Akasimama juu ya uzi kwa miguu miwili. Blanketi likadondoka, hakulifuata. Kisha akageuka kutazama vile vishina kumi na saba vilivyokatwa, akavitazama kimoja kimoja, na uso wake ukawa mzee kuliko mwanzo. Machano akageukia kando. Kuna mambo ambayo mgeni hana haki ya kuyatazama.

Mwandishi akauliza kwa sauti ndogo, kalamu mkononi, aandike hukumu gani.

"Ushahidi uache ulivyo," alisema Kidawa. "Halikufika. Amesema kweli."

"Na hukumu, mama?"

"Hukumu ngoja kwanza. Mwambie mwenye mkasi avue viatu."

Kushuka kulikuwa kwepesi. Alipokaribia shinani aliwaona Dalu na Bi Mize wamesimama bega kwa bega, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya kazini, na Bi Mize ameshika kamba yake ya mafundo kifuani kama mtu anayetaka kusafiri nayo. Alimuuliza kabla hajakanyaga chini. Limefika?

"Halikufika," alisema Machano. "Hata moja."

"Na ndivyo ulivyowaambia?"

"Ndivyo nilivyowaambia."

Bi Mize akatazama juu kwenye uzi, uzi ulikuwa mzima. Akauliza mkasi uko wapi basi. Machano akasema mwenye mkasi amemwacha amekaa kwenye kichwa cha uzi peku, waamuzi watatu pembeni yake, mwandishi naye, wamenyoosha miguu wote kama jamaa waliomaliza kula, na wanabishana nani anakaa mahali pazuri. Mablanketi yamesahauliwa. Kidawa amesema haukatwi uzi wowote mpaka miguu yake ichoke kupata joto, na kwa alivyomwona, yule bibi hana mpango wa kuchoka karibuni.

Dalu alikaa chini ghafla, akaziba macho yote mawili kwa viganja. Bi Mize hakulia. Alisimama akiyapanga maneno yale kichwani: halikufika, hawakukata, wamenyoosha miguu. Halafu kitu kikamshinda. Alianza kucheka, kwanza puani, kisha tumboni, kicheko kikubwa cha mtu mpana, mabega yanapanda na kushuka, mpaka akayumba na kuupiga uzi kwa nyonga yake. Uzi ukatikisika. Wimbi dogo, lisilotoka kwenye povu lolote, likaanza kupanda taratibu kwenda juu kwa wale watu, na hakuna aliyefunga fundo.